Kura ya Bibi na Kopo la Unga

Mkoba wa Bibi hakuna aliyeutaka. Kanga zake tuligawana, dhahabu yake alikwishaigawa mwenyewe angali hai, kitanda kikachukuliwa na jirani. Mkoba ukabaki peke yake juu ya kochi, mweusi, kifungo chake kimelegea, mkono mmoja umeshonwa kwa uzi wa kijani. Wiki iliyopita nikauchukua mimi, nikaugeuza juu chini sebuleni mbele ya Shangazi Zuwena, dada yake baba. Ukatoa tasbihi, kipande cha udi kilichofungwa kwenye kitambaa, peremende mbili zilizoganda na karatasi zake, na kadi mbili ndogo zenye picha. Nikatia kidole kwenye mshono wa ndani kuona kama kuna kitu kimenasa, kidole kikatoka na unga. Unga wa ngano, mkavu, wa miaka mingi.

Shangazi aliokota kadi ya kwanza akacheka, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe, yenye picha ya alipogombea baraza la manispaa mara ya kwanza, uso umejaa na mtandio umekazwa kama anakwenda kupigana. Kadi ya pili ilikuwa na picha ya mwanamme mwenye kilemba na masharubu. Aliitazama, akaiweka chini, akaniuliza mbona nalia wakati arubaini imeshapita na tulikubaliana kwamba leo hatulii. Nikamwambia silii kwa msiba, nalia kwa huu unga. Akaniona nimechanganyikiwa. Basi nikamhadithia jambo ambalo nilikuwa sijamhadithia mtu yeyote tangu niko darasa la tatu.

Nyumba yetu ya Darsait, katika wilaya ya Matrah, ilikuwa na adui mmoja, nalo lilikuwa pipa la taka. Pipa kubwa la chuma, lenye magurudumu, limewekwa hatua nne kutoka mlango wetu tangu kabla sijazaliwa. Paka wote wa mtaa walikuwa wakikutana pale. Upepo ukigeuka, harufu inaingia sebuleni na kukaa na wageni. Bibi alikuwa na udi wa kawaida na udi wa pipa, ule wa pili ndio mkali zaidi. Kila asubuhi akifungua dirisha alilisalimia kwa maneno ambayo mama yangu alinikataza kuyarudia.

Kwa hiyo niliposikia Shangazi anagombea baraza la manispaa, nilielewa kwamba baraza ni watu wanaokaa pamoja wakaamua mapipa ya taka yakae wapi. Sikukosea sana. Shangazi alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana, na nusu ya wanawake wa pale mtaani aliwahi kuwasomesha. Alitaka taa za barabarani kwenye mteremko wetu, alitaka mfereji wa kupokea maji ya mvua ili wadi, lile korongo la milimani, ikishuka na mafuriko isiingie majumbani, na pipa, kwa heshima ya mama yake, alilitia kwenye orodha. Jioni kwetu kulijaa wanawake. Kahawa, halwa, kaimati, vikao viwili kwa siku. Yeye anazungumza Kiarabu, Bibi anaingiza Kiswahili, na wale wasiojua Kiswahili wanacheka kwa kuwa wenzao wanacheka.

Kazi yangu mimi ilikuwa kugawa kadi. Nilizigawa bila huruma. Nilimpa dereva wa teksi, nilimpa fundi wa viyoyozi aliyetoka Wadi Kabir, nilimpa Mmalabari mwenye duka letu la pembeni, naye akaibandika juu ya mzani wake na kuniapia kwamba Shangazi ni mwanamke wa maana. Nikarudi nyumbani nikatangaza kura tatu mpya. Baba akanieleza kwamba hao wote ni wageni, hawapigi kura. Nililia, wallahi, nikaona nimeibiwa. Nikaamua basi nitahesabu kura za nyumbani tu, zile ambazo hakuna wa kuzipinga: Baba, Mama, Ami Nassor mdogo wake baba, Shangazi mwenyewe, na Bibi. Tano. Nilikuwa nikizirudia kitandani kabla ya kulala.

Siku moja mchana, nyumba nzima imejilaza, nikasikia Shangazi na Bibi wanazungumza jikoni. Nilifika nyuma ya mlango mazungumzo yakiwa yanamalizika. Shangazi alikuwa akisema kwamba watu watamcheka, watasema hata mama yake mzazi hakumpigia kura. Bibi akamjibu taratibu kwamba watu wana midomo yao, na kwamba yeye neno lake ameshalisema na halibadiliki. Shangazi akatoka macho mekundu, akanipita bila kuniona. Sikuelewa mwanzo wake, lakini mwisho niliuelewa, au nilidhani nimeuelewa. Kura zangu tano zikawa nne.

Siku mbili baadaye Bibi akanituma nimletee peremende kwenye mkoba wake. Nikatia mkono, nikatoka na yule mwanamme wa masharubu. Jina lake, nambari yake, kila kitu sawasawa na kadi za Shangazi, ila huyu alikuwa mtu nisiyemjua, amevaa kilemba, anatabasamu kama mtu aliyeshamaliza kazi. Kumbe Bibi ana mtu wake. Anakaa nasi, anakula nasi, anakanda maandazi ya wageni wa Shangazi, na kura yake anampelekea masharubu. Niliirudisha kadi mahali pake, nikampelekea peremende, wala sikuweza kumtazama.

Ijumaa ile aliniita anipake mafuta ya nazi na kunisuka, kama kila Ijumaa. Nikamwambia kichwa kinauma. Akanigusa paji la uso, halina joto, akasema haya, kikipoa utakuja. Nikakaa na nywele zangu timtim siku zote zilizofuata, na Mama akanigombeza mimi, si yeye. Nilimchukia Bibi kwa moyo wangu wote mdogo, na papo hapo nikatamani harufu ya mafuta yake.

Shangazi katika vikao vyake alikuwa na wimbo mmoja anaourudia kwa wanawake wakati wa kuagana: msisahau kadi zenu za uraia, bila kadi hakuna kura. Nilishausikia mara mia. Mchana wa kuamkia uchaguzi, Bibi yuko kwenye sala ya alasiri, nikafungua mkoba, nikatoa kadi yake ya uraia, nikaingia jikoni. Kulikuwa na kopo kubwa la samli ambalo siku zote lilitiwa unga. Niliingiza mkono mpaka kiwikoni, nikaiacha kadi chini kabisa, nikasawazisha juu kwa kiganja. Nikanawa. Sikuona kwamba ninamfanyia Bibi ubaya. Niliona ninamwokoa Shangazi, na kusema kweli nilijisifu.

Asubuhi ya uchaguzi tuliamka maandazi ya moto yako mezani, yenye hiliki, yamevimba vizuri. Nilikula manne. Hebu fikiri, nimekula manne wala akili yangu haikuniuliza yametoka wapi. Baba, Mama na Shangazi waliondoka mapema kwenda kituoni. Shangazi alimbusu Bibi mkono na kichwa bila kumtazama usoni, na Bibi akamsomea dua ndefu kuliko kawaida. Nikajua kwamba hawajapatana.

Nje Ami Nassor alikuwa anapangusa vioo vya gari. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba yeye na Bibi wanakwenda kupiga kura Sharqiya, mwendo wa saa mbili, na mimi nitafuatana nao maana hakuna wa kunibakisha naye. Bibi alitoka chumbani na abaya yake nzuri, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akafungua mkoba, akaufunga. Akasema kadi yake haioni.

Ami Nassor ni mtu wa haraka. Alitafuta chini ya godoro, ndani ya kabati, kwenye mifuko ya nguo zilizofuliwa, alinyanyua zulia, alipekua hata droo ya dawa. Kila akipita anasema, Mama, kumbuka, mara ya mwisho uliiweka wapi. Bibi anajibu tafuta tu, itaonekana. Hakuinuka. Alikaa pale mikono juu ya mkoba na macho yake yalikuwa kwangu, na mimi nilikuwa nacheza na kitasa cha mlango. Ami akampigia Shangazi simu kumuuliza kama ameichukua kwa bahati mbaya, na sauti ya Shangazi niliisikia mpaka nilipokuwa nimesimama, imepanda na kupasuka. Saa ikaenda. Ami akatoka kutafuta ndani ya gari.

Kisha simu ya Bibi ikalia. Alikuwa Bi Thuwaiba wa Sharqiya, binti ami yake babu yetu, ambaye nilimjua kwa jina tu na kwa tende anazotuletea. Bibi alizungumza naye kwa Kiarabu chake kile chenye mwendo wa Unguja. Niliambulia kwamba Bi Thuwaiba anauliza wako wapi, na kwamba wanawe wanasubiri, na Bibi anamwambia wasisubiri, waende, neno langu ni lile lile, mie naja. Alipokata simu nilimwona amechoka. Sikuwahi kumwona Bibi amechoka asubuhi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza kwa nini hampendi Shangazi.

"Nani kakwambia simpendi?"

"Una picha ya mwanamme mwengine kwenye mkoba. Unampigia yeye."

Hakucheka. Nilimtarajia acheke au akasirike, na kama angefanya mojawapo nisingesema kitu tena. Alinivuta nikae karibu na miguu yake, akaniambia nisikilize vizuri kwa sababu hadithi hii atanihadithia mara moja.

"Sisi tulipokuja kutoka Unguja tulikuja na mabegi mawili na baba yako mgongoni. Babu yako akaulizwa, nyie watu wa wapi, mji wenu upi. Akautaja mji mmoja wa Sharqiya. Alikuwa hajauona hata siku moja, alilisikia jina tu kwa baba yake. Wakaenda kuulizwa wazee wa kule: hawa mnawajua? Na baba yake Thuwaiba akasimama akasema, hawa wetu. Hajapata kutuona, kasema hawa wetu. Ndio tukaandikwa raia wa nchi hii. Ndio una skuli, ndio una nyumba ya kukaa."

Akanieleza kwamba kura hupigwa pale ulipoandikwa. Baba na Mama na Shangazi walishahamisha majina yao kuja huku Matrah, kwa hiyo wanaweza kumpigia Shangazi. Yeye walimwomba ahamishe lake akakataa, kwa sababu jina lile lilisemewa kule na mtu aliyekuwa hamjui, na yeye hawezi kuliondoa. Yule wa masharubu alikuwa mtoto wa Bi Thuwaiba, anagombea baraza la kwao. Na Bi Thuwaiba ana watoto na wakwe tisa wanaokaa Ruwi, karibu na sisi, wote wameandikwa Matrah. Wanawake wale wawili walikwishapatana wenyewe: Bibi na Ami Nassor watampigia masharubu, na wale tisa watampigia Shangazi.

"Mie nna kura moja," akasema, "nimemtafutia mwanangu tisa."

Nikamwambia Bibi, kadi iko kwenye unga. Nikamwambia nimeitia mimi. Sikumngoja ajibu, nilikimbilia jikoni, nikakumbatia lile kopo la samli, nikaingiza mkono mpaka begani. Hakuna. Nikachimba upande huu, nikachimba upande ule, unga unamwagika sakafuni, unaingia puani, hakuna. Nikaanza kulia kwa sauti. Nilidhani Mungu ameichukua.

Nikageuka. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kadi mkononi, pembe zake nyeupe.

"Nimeipata alfajiri, nilipokuwa nakanda."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini amemwacha Ami anyanyue zulia, kwa nini amekaa wakati Bi Thuwaiba anangoja.

"Nilikuwa nnakusubiri weye," akasema.

Alinipangusa unga usoni na mkononi kwa ncha ya mtandio wake, akanipangusa na machozi, akaitia kadi kwenye mkoba na unga wake vile vile. Halafu akapaza sauti kumwita Ami Nassor, akamwambia twende baba, nshaiona, ilikuwa humu humu kwenye mkoba, uzee huu, macho hayaoni. Ami aliingia akasimama katikati ya sebule aliyoipindua, akaitazama kadi, akamtazama mama yake, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa nyuma ya abaya ya Bibi, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa changu chenye nywele timtim.

Safari ya Sharqiya nakumbuka milima tu na Ami anayecheka peke yake kila baada ya muda. Bibi alinikalisha naye nyuma akanisuka njia nzima, bila mafuta, kwa vidole. Skulini walikopigia kura, Bi Thuwaiba alimkumbatia mbele ya mlango, mwanamke mrefu, barakoa usoni, mikono imejaa hina. Wakashikana hivyo muda mrefu. Bibi aliingia na kutoka kwa haraka sana, nikaona kazi yenyewe ndogo mno kwa mambo yote yale. Nililishwa halwa na watu ambao sikuwajua na ambao wote waliniita binti yetu.

Masharubu alishinda. Shangazi alikosa, kwa kura chache za kuumiza roho, ingawa wale tisa walikwenda wote na mmoja wao alikwenda na homa. Alijifungia siku mbili. Siku ya tatu Bibi alimgongea na sahani ya kaimati, wakakaa humo ndani mpaka magharibi, na walipotoka walikuwa wamepatana. Uchaguzi uliofuata aligombea tena, na safari ile akapata. Taa zikawekwa kwenye mteremko, mfereji ulichukua muda lakini ukaja, na pipa likahamishwa hadi kwenye ukuta usio na mlango wa mtu. Asubuhi ile Bibi alitoa kiti nje akanywa kahawa barazani kwake. Aliwaita majirani waje wanuse. Hapakuwa na kitu cha kunusa, na hiyo ndiyo sababu aliwaita.

Lakini jambo lililobaki nyumbani kwetu ni jengine. Tangu siku ile Bibi akawa msahaulifu. Si kwamba alisahau chochote. Alijua siku za kuzaliwa za wajukuu wote kumi na saba, alijua kila duka la mtaa wake wa Unguja na nani alikuwa akiuza nini, alijua nani alimjibu vibaya kwenye harusi ipi. Ila Ami Nassor hakuiacha hadithi ile. Kila Idi aliigiza, anaufungua mkoba, anaufunga, kadi siioni, na watu wanashika mbavu. Kidogo kidogo funguo zake zikawa zinawekwa na Mama. Dawa zake zikawa zinahesabiwa na Baba. Kila ikifika siku ya kura kuna mtu lazima aulize, Bibi, unga umekwisha? Hapana, hilo sikusema kweli. Walikuwa wanauliza, Bibi, kadi iko wapi? Unga tuliujua wawili tu. Yeye anacheka pamoja nao, na katikati ya kicheko ananitupia jicho, mara moja, kisha anaendelea kucheka.

Sikusema. Mwanzo niliogopa, baadaye nikaona muda umepita, kisha nikawa mkubwa na hadithi ikawa ya nyumba, kila mtu anaipenda, nani atakayeivunja. Siku hizi tunapiga kura kwa simu, hakuna safari wala foleni. Mara yake ya mwisho Bibi alipiga akiwa kitandani, Shangazi amemshikia simu na kadi, na alipiga kule kule Sharqiya.

Nilipomaliza, Shangazi Zuwena alikuwa ameishika ile kadi yenye picha yake akiigeuza nyuma na mbele.

"Mimi ndiye niliyemchukulia kadi yake," akasema. "Baada ya siku ile. Nilimwambia, Mama, nipe nikuwekee, wewe utaisahau."

"Akakupa?"

"Akanipa. Miaka yote hiyo. Hata siku moja hakuniuliza kwa nini."

Akatia kidole chake kwenye mshono wa mkoba, pale pale nilipotia changu, akakitoa akakitazama. Alianza kulia, kisha akaanza kucheka, na mwisho sikuweza kupambanua anafanya lipi. Akarudisha tasbihi ndani, akarudisha udi na peremende na zile kadi mbili, moja juu ya nyengine, akafunga kile kifungo kilicholegea kwa uangalifu ili unga usimwagike. Akauweka mkoba mapajani pake.

"Huu nauchukua mimi," akasema.

Nikamwambia hapana, huu wangu, na nikaushika mkono wa pili, ule wenye uzi wa kijani. Hatukuwahi kugombania kitu chochote cha Bibi, ila huu mpaka leo tunaugombania.